Simu na Chumba cha Upasuaji

Na Bwana Shamba, Mbozi

Sisi wakulima wa Mbozi tunaijua safari ya Mbeya. Tunakwenda kutafuta vipuri, mbegu na shughuli za ofisini. Kutoka Vwawa ni kilomita kama 70 tu, na barabara ni ya lami. Lakini ukiwa na mgonjwa anayehitaji kupasuliwa, safari hiyo huwa ndefu. Kwanza umtoe kijijini mpaka kwenye lami. Mvua zikikolea, njia za ndani huwa matope. Ukifika barabara kuu, unaweza kukuta foleni ya malori yaendayo Tunduma na Zambia.

Tuseme mkulima mmoja wa kijiji cha jirani na Mbozi Mission ana ngiri. Ameishi nayo miaka 10. Kila ikitoka, hulala chali akairudisha kwa mkono. Siku moja anabeba gunia la mahindi. Ngiri inatoka, safari hii haitaki kurudi. Inakuwa ngumu. Anaumwa sana, anatapika. Hapo utumbo umebanwa na damu haipiti. Asipopasuliwa, utumbo huo huanza kufa katika muda wa saa chache.

Mtu huyu hawezi kungoja zahanati, kisha angoje kituo cha afya, kisha angoje hospitali. Anahitaji mtu wa kuamua mara moja. Apasuliwe wapi? Apasuliwe na nani? Aende kwa chombo gani?

Makala haya yanahusu uamuzi huo. Wataalamu wa nchi mbalimbali wanatafiti jinsi simu na mtandao vinavyoweza kuusaidia. Kazi hiyo inaitwa tiba mtandao. Maana yake ni kwamba mtaalamu aliye mbali anatoa ushauri wa tiba kwa redio, simu, picha au kompyuta. Ndugu msomaji, tutazame wamegundua nini, na sisi wa vijijini tunahusika vipi.

Saa mbili

Mwaka 2015 jopo la wataalamu wa dunia lilitoa taarifa kubwa juu ya upasuaji katika jarida la tiba liitwalo The Lancet. Walisema watu bilioni 5 duniani hawawezi kupata upasuaji salama wenye gharama wanayoimudu. Wengi wao wanaishi katika nchi kama zetu, na wa vijijini ndio wenye shida zaidi.

Jopo lilitaja aina tatu za upasuaji ambazo hospitali inayohudumia wilaya inapaswa kuziweza. Ya kwanza ni kumpasua mama anayeshindwa kujifungua. Ya pili ni kufungua tumbo, kwa mfano utumbo ukitoboka au ukibanwa. Ya tatu ni kutibu mfupa uliovunjika ukatokeza nje ya ngozi. Walisema angalau watu 80 kati ya kila 100 wawe wanaweza kufika mahali penye huduma hizo katika muda wa saa mbili.

Tanzania nayo ilitoa Mpango wa Taifa wa Upasuaji, Uzazi na Dawa za Usingizi wa mwaka 2018 hadi 2025. Kwa hiyo jambo hili si ndoto ya wageni. Limeandikwa katika mipango yetu wenyewe.

Hapa kwetu tuna hospitali ya Kanisa la Moravian pale Mbozi Mission. Vwawa ipo hospitali ya serikali. Mbeya ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Lakini mabingwa wa upasuaji ni wachache nchini, na wengi wao wako mijini. Bingwa mmoja hawezi kuwa Vwawa, Ileje na Momba kwa siku moja. Sauti yake inaweza.

Jambo hili lilianza na redio

Kuna wanaofikiri tiba ya mbali imeletwa na simu za kioo. Sivyo. Mwaka 1957 madaktari watatu wapasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha huduma ya madaktari wa ndege kwa Afrika ya Mashariki. Huduma hiyo ndiyo iliyokuja kuwa AMREF. Ndege iliwapeleka wapasuaji kwenye hospitali za mbali.

Lakini ndege peke yake haikutosha. Kulikuwa na redio za mawasiliano katika hospitali za misheni na vituo vya mbali. Mganga aliyekwama aliita kwa redio akaeleza hali ya mgonjwa. Aliyekuwa upande wa pili alimwambia la kufanya, au aliagiza ndege ikamchukue mgonjwa.

Tazama utaratibu ule. Mtu aliye karibu na mgonjwa anaeleza. Mtu mwenye ujuzi zaidi anashauri. Chombo cha kusafiria kinatafutwa kama kinahitajika. Simu ya leo imeongeza picha tu juu ya mambo hayo matatu.

Kabla ya kupasua: kuuliza mapema

Ng'ambo ya mto Songwe wako majirani zetu wa Malawi. Katika hospitali za wilaya za huko, upasuaji mwingi hufanywa na matabibu ambao si mabingwa. Kuanzia mwaka 2017 ulikuwapo mradi wa utafiti ulioitwa SURG-Africa. Ulifanya kazi katika nchi za Malawi, Zambia na Tanzania. Huko Malawi waliwaunganisha matabibu wa wilaya na mabingwa wa hospitali kubwa katika kundi moja la WhatsApp.

Tabibu akipata mgonjwa mgumu, aliandika maelezo yake na kutuma picha ya jeraha au ya eksirei. Bingwa alijibu. Mara nyingine alisema, "Mnaweza kumtibu hapo hapo, fanyeni hivi." Mara nyingine alisema, "Mleteni, lakini kwanza mtulizeni mfupa na kumpa maji ya mshipani." Hivyo mgonjwa anayeweza kutibiwa karibu na nyumbani hakusafirishwa bure. Na yule aliyesafirishwa alifika akiwa ameandaliwa, na wenyeji wake wakiwa wanamngoja.

Kwa sisi wakulima faida hiyo si ndogo. Rufaa moja inachukua nauli ya mgonjwa na ya msindikizaji. Inachukua chakula na malazi ya siku nyingi. Ikitokea wakati wa palizi au wa kuchuma kahawa, shamba nalo linaumia. Wapo wanaouza mbuzi au debe za mahindi ili kulipia safari.

Lakini picha ina hila yake. Sisi mabwana shamba tunalijua jambo hili. Mkulima hunitumia picha ya jani la mbuni lililopigwa upande wa juu. Naona doa la njano tu. Namwambia aligeuze. Akiligeuza, unga wa rangi ya machungwa unaonekana chini yake, nami najua kuwa ni kutu ya majani. Ikiwa tunda nalo lina doa jeusi lililodidimia, nafikiria chulebuni. Picha moja bila maelezo ingenipotosha.

Mgonjwa ni hivyo hivyo. Picha ya tumbo haionyeshi kuwa tumbo limekakamaa. Haionyeshi joto la mwili wala mapigo ya moyo. Hayo lazima yapimwe na mtu aliyesimama pale. Kwa hiyo ushauri wa mbali hutegemea macho, mikono na ukweli wa mtu aliye karibu.

Wakati wa kupasua: mkono wa karibu, mwalimu wa mbali

Tangu mwaka 1963 nchi yetu ilifundisha madaktari wasaidizi, na wengi wao walifanya upasuaji katika hospitali za wilaya. Watu wengine waliuliza kama kazi yao ni salama. Utafiti uliotolewa mwaka 2009 uliangalia upasuaji wa dharura za uzazi katika mikoa ya Mwanza na Kigoma. Haukuona tofauti kubwa kati ya kazi ya madaktari wasaidizi na ile ya madaktari wenye shahada. Tunajifunza kwamba mtu aliyefundishwa vizuri na kusimamiwa anaweza kuokoa maisha hata kama si bingwa.

Swali ni hili: asimamiweje, ikiwa msimamizi yuko mbali?

Katika mkoa wa Morogoro, wataalamu wa Ifakara waliwafundisha watumishi wa vituo vya afya vya vijijini kumpasua mama mwenye uzazi mgumu, na kutoa dawa za usingizi. Baada ya mafunzo hawakuwaacha peke yao. Waliwaunganisha na wakufunzi wao kwa simu, na kuwapa masomo kwa njia ya mtandao. Taarifa ya kazi hiyo ilitolewa mwaka 2017.

Kanda ya Ziwa nako ulifanyika mpango ulioitwa Safe Surgery 2020. Hospitali na vituo 10 vilipewa mafunzo na usimamizi, pamoja na mikutano ya video ambamo timu za upasuaji zilizungumza na wataalamu walio mbali. Vituo vingine 10 havikupewa, ili vilinganishwe navyo. Walipima mwaka 2018, wakapima tena mwaka 2019. Vituo vilivyosaidiwa vilifuata zaidi hatua za usalama. Hatua hizo ni za kawaida: kuhakikisha jina la mgonjwa, kutoa dawa ya kuzuia usaha kwa wakati, kuhesabu vifaa na vitambaa kabla ya kushona.

Msomaji anaweza kuuliza juu ya mashine za kupasua kutoka mbali. Ni kweli zipo. Tarehe 7 Septemba 2001 daktari Jacques Marescaux, akiwa New York, aliongoza mikono ya mashine iliyomtoa mama mmoja mfuko wa nyongo huko Strasbourg, Ufaransa. Umbali ni zaidi ya kilomita 6,000. Mwaka 2025 daktari Vipul Patel, akiwa Orlando, Marekani, aliongoza mashine iliyompasua tezi dume mgonjwa aliyekuwa Luanda, Angola. Lakini safari zote mbili timu ya wapasuaji ilikuwa kando ya kitanda, tayari kushika kisu kama mawasiliano yangekatika. Na mashine hizo ni za bei kubwa mno. Kwa vijiji vyetu, mwalimu anayepatikana kwa simu na tabibu mwenye mikono iliyofundishwa ndio mpango unaokaribiana na uwezo wetu.

Baada ya kupasua: kidonda kikiwa nyumbani

Watu wengi hudhani mgonjwa akitoka chumba cha upasuaji akiwa hai, hatari imekwisha. Utafiti wasema vingine. Mwaka 2018 yalitolewa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika. Uliwafuatilia wagonjwa zaidi ya 11,000. Karibu wagonjwa 2 kati ya kila 100 walikufa, na hiyo ni mara mbili ya wastani wa dunia. Wengi sana hawakufa siku ya kupasuliwa. Walikufa siku zilizofuata.

Kwa hiyo watafiti wakaanza kukifuata kidonda mpaka nyumbani. Mfano mzuri uko Kirehe, mashariki ya Rwanda, ng'ambo ya daraja la Rusumo. Huko waliwachukua akina mama waliojifungua kwa kupasuliwa, wakawagawa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilitembelewa nyumbani na mhudumu wa afya wa kijiji yapata siku ya 10. Kundi la pili lilipigiwa simu. Kundi la tatu lilipata huduma ya kawaida.

Kwa nini wawagawe hivyo? Sisi wa Mbozi tunalijua jambo hili kutokana na kituo cha utafiti wa kahawa cha Mbimba. Ukitaka kujua kama mbolea mpya inafaa, huiweki shamba zima. Unaiweka kwenye vipande vingine na kuviacha vingine, kisha unalinganisha mavuno. Bila kipande cha kulinganisha, unaweza kuisifu mbolea kumbe ni mvua iliyofanya kazi.

Mhudumu wa Kirehe alikuwa na simu yenye maswali machache. Una homa? Maumivu yanazidi? Kidonda kinatoa maji yenye rangi au usaha? Alipiga na picha ya kidonda. Baadaye wataalamu walianza kutengeneza programu ya kompyuta ya kuitazama picha na kusema kama kidonda kimeingia vijidudu. Kazi ya namna hiyo bado inachunguzwa. Lakini yale maswali mtu yeyote anaweza kuyauliza leo, hata kwa simu ya tochi isiyo na kamera.

Kuona hatari hakutoshi

Hapa nataka msomaji awe mwangalifu, kwa sababu si kila utafiti ulileta habari njema. Mwaka 2021 yalitolewa matokeo ya jaribio jingine kubwa la Afrika. Hospitali nyingine ziliwaangalia kwa karibu zaidi wagonjwa wenye hatari baada ya kupasuliwa. Nyingine ziliendelea kama kawaida. Vifo havikupungua.

Mimi najifunza hivi. Kuona hatari ni jambo moja, kuwa na uwezo wa kuizuia ni jambo la pili. Bwana shamba anaweza kuona viwavijeshi vamizi katika mahindi yako leo asubuhi. Kama hakuna dawa wala mtu wa kuvitoa kwa mkono, kuona kwake hakutaokoa mahindi.

Simu nayo haileti damu ya kumwongezea mgonjwa. Haileti dawa ya usingizi. Haileti umeme ukikatika, wala mafuta ya gari. Mtandao wenyewe hupotea katika mabonde. Kwa hiyo kijiji kikiahidiwa tiba mtandao, kiulize na juu ya umeme wa jua, damu, watumishi na usafiri. Vitu hivyo ni kama jembe, mbegu na mvua. Kimoja kikikosekana, vingine havizai.

Juu ya usafiri, tunao mfano wa kwetu. Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua mfumo wa m-mama kwa nchi nzima. Mama mjamzito akipata dharura, au mzazi, au mtoto mchanga, mtu hupiga namba 115 bila malipo. Muuguzi anayepokea huuliza maswali, huamua ni hospitali ipi inafaa, na hutafuta gari. Gari la wagonjwa likikosekana, huitwa dereva wa kijamii aliyeandikishwa, naye hulipwa. Hapo simu imeunganishwa na uamuzi, na uamuzi umeunganishwa na magurudumu.

Lakini m-mama ni kwa ajili ya mama na mtoto mchanga. Yule mkulima wetu mwenye ngiri iliyobanwa hayumo. Kijana aliyevunjika mguu kwa bodaboda hayumo. Hao ni juu ya familia zao na kijiji chao.

Siri ya mgonjwa

Picha ya mwili wa mtu si ya kuchezewa. Ikitumwa kwa tabibu ni tiba. Ikitumwa kwa marafiki ni aibu na ni kosa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mgonjwa ana haki ya kuulizwa kabla ya kupigwa picha. Ana haki ya kujua inakwenda kwa nani. Picha isionyeshe uso wala jina ikiwa si lazima. Ikiwa mgonjwa hawezi kusema, aulizwe ndugu yake wa karibu.

Kazi yetu vijijini

Utafiti ni kazi ya wataalamu. Lakini yapo mambo ambayo hatuna haja ya kuyangojea.

1. Mwenye ngiri aende hospitali akiwa bado mzima, wakati inaporudi kwa mkono. Upasuaji wa kupangwa una nafuu kuliko wa dharura. Baada ya mavuno, fedha ikiwapo, ndiyo nafasi nzuri.

2. Ngiri ikigoma kurudi ikauma, tumbo likikakamaa, mfupa ukitokeza nje, au uchungu wa uzazi ukipita kiasi, msingoje kuche. Msimpe mgonjwa chakula. Mpelekeni, na mpigie simu kituo cha afya mkiwa njiani.

3. Kila nyumba iwe na namba ya simu ya zahanati au kituo chake. Iandikwe kwa herufi kubwa nyuma ya mlango. Wale wanaojifunza kusoma wataisoma.

4. Unapopiga simu, taja umri wa mgonjwa, tatizo lilianza saa ngapi, na kama ana homa, anatapika au anatoka damu. Taja mahali mlipo. Usipunguze wala usiongeze.

5. Aliyepasuliwa aulizwe kila siku: homa? maumivu? usaha? Likiwapo moja, arudi alikopasuliwa. Asipake majani, kinyesi cha ng'ombe wala mafuta ya taa.

6. Serikali ya kijiji ikubaliane na wenye magari mapema. Nani ataitwa usiku? Atalipwa nini, na kutoka mfuko gani? Kijiji kinachouza kahawa pamoja kinaweza kuweka akiba kidogo kwa kila kilo.

Jambo hilo la sita lijadiliwe kwenye mkutano wa kijiji kabla ya mvua kuanza. Bei ya gari hupatana vizuri zaidi wakati hakuna mgonjwa anayelia ndani ya nyumba. Mkishapatana, andikeni jina la dereva na namba yake, mkaibandike penye ubao wa matangazo, karibu na namba ya kituo cha afya.